Kinachozua mizozo kati ya wasanifu wa tovuti na wateja wao

MIZOZO mingi kati ya wasanifu wa tovuti na wateja wao haitokani na kazi mbovu, bali na mambo ambayo hayakutamkwa siku ya kwanza. Mteja huondoka kikaoni akiamini kwamba amenunua wanunuzi. Msanifu naye huondoka akijua kwamba ameuza kurasa sita na fomu ya mawasiliano. Miezi mitatu baadaye tovuti iko tayari, simu hazilii, na salio la malipo halitoki.

Kazi ya aina hii ina mambo yaliyo mikononi mwa msanifu na mambo yaliyo mikononi mwa watu wengine. Idadi ya kurasa, kasi ya kufunguka kwake, jinsi zinavyoonekana kwenye simu ya mkononi na tarehe ya kukabidhiwa ni mambo ambayo fundi anaweza kuyaahidi kwa maandishi na kudaiwa. Hata hivyo, nafasi ambayo Google itaipa tovuti hiyo, idadi ya watu watakaoibofya na watakaotoa pesa mfukoni si mambo ya kuahidiwa na mtu yeyote. Anachoweza kuahidi ni juhudi, na aeleze ni juhudi gani.

Kampuni ya Google yenyewe, katika maelekezo yake kwa wenye tovuti, hutahadharisha kwamba hakuna anayeweza kumhakikishia mtu nafasi ya kwanza katika matokeo ya utafutaji. Mnamo mwaka wa 2017 ilieleza pia kwamba mara nyingi mtaalamu wa kazi hii huhitaji kati ya miezi minne na mwaka mmoja kufanya marekebisho na kuanza kuona manufaa yake. Kwa hivyo, anayemwambia mwenye duka kwamba atakuwa wa kwanza baada ya wiki mbili anamuuzia mbuzi kwenye gunia.

Ahadi kama hizo zina hatari nyingine, kwa kuwa aliyeahidi hulazimika kutafuta njia za mkato. Mnamo Februari 2006, Google iliiondoa tovuti ya BMW ya Ujerumani katika matokeo yake baada ya kubainika kwamba ilikuwa na kurasa zilizotengenezwa kuihadaa mitambo ya utafutaji. Miaka mitano baadaye, Februari 2011, gazeti la New York Times lilifichua kwamba maelfu ya viungo vilivyoelekeza kwenye tovuti ya maduka ya J.C. Penney nchini Marekani vilikuwa vimepandikizwa katika tovuti zisizohusiana kabisa na bidhaa zake. Google iliishusha mbali katika matokeo. Kampuni hiyo ilisema haikuidhinisha viungo hivyo, ikaachana na washauri wake. Mashirika makubwa kama hayo yana uwezo wa kujiinua tena. Duka la mahema la Nakuru huenda lisiweze.

Matangazo ya kulipia yanahitaji maelezo ya pekee, maana wateja wengi huyachanganya na matokeo ya kawaida ya utafutaji. Nafasi ya tangazo hugombewa kwa mnada, na kwa kawaida mwenye tangazo hutozwa kila linapobofywa. Pesa hizo huiendea Google, wala si ada ya msanifu, na zinapokwisha tangazo hutoweka. Mkataba usipozitenganisha fedha hizi mbili, ugomvi hauko mbali.

Inafaa kupiga hesabu mbele ya mteja kabla ya kutumia hata shilingi moja. Tuseme mwenye hoteli ndogo mjini Malindi ametenga Sh20,000 za matangazo, na kila mbofyo unagharimu Sh40. Atapata wageni 500 wa tovuti. Wawili kati ya kila 100 wakipiga simu, hizo ni simu 10. Wanne wakilipia chumba, kila mmoja wao amemgharimu Sh5,000. Tarakimu hizi ni za mfano tu, lakini zinazaa swali ambalo mteja hana budi kulijibu mwenyewe: je, faida yake kwa mgeni mmoja ni kiasi gani? Ikiwa ni Sh3,000, basi matangazo hayo yanamtia hasara hata kama tovuti inafanya kazi barabara. Huenda akahitaji kuuza malazi ya siku tatu badala ya usiku mmoja, au kutotangaza kabisa kwa njia hiyo. Msanifu anayemweleza hivyo atakosa kazi mara mojamoja, lakini hatafukuzana na mtu anayejiona ametapeliwa.

Jambo jingine ni nyongeza zinazoitwa ndogo. "Wekeni tu M-Pesa hapo," mteja husema wiki ya mwisho. Malipo hayo yanahitaji nambari ya biashara, idhini ya kuunganishwa na mfumo wa Safaricom, majaribio, na mtu wa kulinganisha pesa zilizoingia na oda zilizotolewa. Hiyo ni kazi mpya yenye bei yake na muda wake. Aidha, mkataba utaje idadi ya marekebisho ya sura ya tovuti, kwa mfano mara mbili, na umtaje mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuidhinisha. Pasipo hivyo, rangi iliyokubaliwa Jumatatu na meneja hukataliwa Ijumaa na shemeji wa mkurugenzi.

Ucheleweshaji nao mara nyingi hutoka upande wa mteja, ingawa ni wachache wanaokubali. Picha za bidhaa, bei na maelezo ya kampuni husubiriwa kwa majuma. Ni haki muda wa kazi uanze kuhesabiwa siku vifaa hivyo vinapowasilishwa, na malipo yafungamanishwe na hatua zinazoonekana: sehemu mwanzoni, nyingine sura inapoidhinishwa, na salio siku ya makabidhiano.

Makabidhiano ndiyo huumiza zaidi uhusiano unapovunjika. Majina ya tovuti yanayoishia na .ke husimamiwa na KENIC na kusajiliwa kupitia mawakala wake, na usajili huhitaji kulipiwa upya muda wake unapokwisha. Jina lisajiliwe kwa niaba ya biashara yenyewe, kwa anwani ya baruapepe ambayo mwenyewe anaweza kuifungua. Likiandikwa kwa jina la fundi, siku wakikosana biashara inaweza kupoteza tovuti na baruapepe kwa pamoja.

Mteja aelezwe pia kwamba fomu inayokusanya majina na nambari za simu za watu inamtwika wajibu chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, na wajibu huo haumwondokei kwa sababu fomu ilitengenezwa na mtu mwingine.

Siku ya mwisho akabidhiwe nywila zote, nakala ya faili za tovuti, tarehe ya kulipia upya jina na seva, na karatasi inayoonyesha gharama za kila mwaka, kisha pande zote mbili zitie sahihi.