Somo la Historia: Taa Iliyowekwa Juu Mno

Leo somo letu linatupeleka kusini mwa Afrika, kwenye ncha ya mwamba iitwayo Cape Point, kusini ya mji wa Cape Town. Mreno Bartolomeu Dias alipita pande hizo mwaka 1488, na tangu hapo vyombo vingi vimevunjika katika miamba yake kwa giza na tufani.

Kwa sababu hiyo palijengwa mnara wa taa, nao ukawashwa mwaka 1860. Wajenzi walifikiri hivi: taa ikiwa juu zaidi, itaonekana mbali zaidi. Basi wakaiweka kileleni, mita 238 juu ya bahari. Fikirini minazi kama kumi iliyosimamishwa mmoja juu ya mwingine!

Hesabu yao ilikuwa sawa, lakini kilele hicho kina tabia yake. Mara nyingi hufunikwa na ukungu, na huku chini baharini ni kweupe. Nahodha hutazama juu asione kitu. Na usiku wa anga safi ilikuwako hatari nyingine: taa ilionekana mapema mno, hata ng'ambo ya rasi, na meli zikaikaribia nchi kavu kuliko ilivyofaa.

Usiku wa tarehe 18 Aprili 1911, meli ya Kireno, Lusitania, ilikuwa ikitoka Lourenço Marques, mji uitwao leo Maputo. Ilichukua watu zaidi ya 700, na wengi wao walikuwa vibarua wa Kiafrika. Katika ukungu ikapanda Mwamba wa Bellows, karibu na rasi. Karibu wote waliokolewa, lakini mashua moja ilipinduka katika mawimbi, na watu wakafa maji.

Ndipo taa mpya ikajengwa chini zaidi, mita 87 tu juu ya bahari, chini ya ukungu ule. Iliwashwa mwaka 1919. Mnara wa kwanza ungalipo, na wageni hupanda mpaka hapo kutazama bahari.

Hesabuni: tangu 1860 mpaka 1919 ni miaka 59. Muda wote huo waliojua kasoro ya taa ile kuliko wengine wote ni mabaharia walioitafuta usiku.

Swali la kuzungumza katika kikundi chenu: je, kijijini kwenu kiko kisima, barabara au soko lililowekwa mahali pasipofaa? Ni nani aliyepaswa kuulizwa kwanza?