Bembea ya Blackpool

Msomaji mwenzangu, kwenda kutanua ufukweni kunaanzia mfukoni. Wafanyakazi wa viwanda vya pamba vya Lancashire, Uingereza, walilijua hilo. Reli ilifika Blackpool mwaka 1846, lakini nauli ni nauli. Kila kiangazi viwanda vilifungwa kwa zamu, mji huu wiki hii, mji ule wiki ijayo, na mshahara hakuna! Sheria ya likizo yenye malipo ilikuja mwaka 1938. Basi mwaka mzima familia ilitoa peni chache kila wiki kwenye chama cha akiba. Siku ikifika, watoto mbele, kikapu cha chakula mkononi, haooo stesheni!

Huko pwani kulikuwa na Pleasure Beach, uwanja wa michezo ulioanzishwa mwaka 1896. Mwaka 1904 ukafungwa mtambo wa kuzungusha watu hewani, vyombo vimening'inia kwenye nyaya. Mtambo huo unazunguka hadi leo.

Nani aliubuni? Hiram Maxim. Kumbe ndiye yule yule aliyebuni bombomu! Mwaka 1905, mwaka mmoja tu baadaye, bombomu za Wajerumani ziliwafyeka wapiganaji wa Maji Maji pale Mahenge.

Sisemi watoto wale wasingepanda. Wazazi wao walijinyima mwaka mzima kwa ajili ya kicheko kile, na kilikuwa haki yao. Ila sisi tunaotaka kuandika, tukisimulia raha ya watu tumuulize na fundi: kabla ya bembea hii, ulitengeneza nini?