Mke wa Rais: Heshima Isiyo na Kiti



Katika makundi ya vijana swali hili hurudi mara kwa mara: mke wa Rais ana mamlaka gani katika nchi? Tukifungua Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, tunasoma habari za Rais, Serikali, Bunge na mahakama. Cheo cha mke wa Rais hatukikuti. Hata hivyo, kifungu cha 99 kinamgusa mwenzi wa Rais. Hapo Rais anatakiwa kutangaza mali ya familia yake mbele ya Mahakama ya Katiba, kabla ya kushika kazi na baada ya kuimaliza, na mali ya mwenzi wake inahesabiwa humo kadiri ya taratibu za ndoa yao. Katiba, basi, haikumpa mke wa Rais kiti, imemdai uwazi.

Historia yetu inaeleza zaidi. Joseph Kasa-Vubu, aliyesoma seminarini katika ujana wake, alifunga ndoa na Hortense Ngoma Masunda mwaka 1941. Mwezi wa Juni 1960 Bunge lilimchagua Kasa-Vubu kuwa Rais wa kwanza wa Kongo. Tukumbuke jambo moja: katika uchaguzi wa wabunge wa Mei 1960, wanaume peke yao ndio waliopiga kura. Mama Hortense akawa mke wa mkuu wa nchi wakati mwanamke wa Kongo hakuwa na sauti kwenye sanduku la kura. Haki hiyo ilikuja na Katiba ya mwaka 1967. Wakati huo mumewe alikuwa amekwisha kuondolewa madarakani, tarehe 24 Novemba 1965. Akafariki Boma mwaka 1969. Heshima ya Ikulu ilipita. Ndoa yao ilidumu hadi kifo.

Baada yake alikuja Marie-Antoinette, aliyeolewa na Mobutu mwaka 1955 akiwa msichana wa miaka 14. Watu walimwita Mama Mobutu. Mwaka 1972 utawala ulikataza majina ya Kikristu, na Kardinali Malula akalazimika kwenda Roma. Marie-Antoinette naye akajulikana kwa majina ya Gbiatibwa Gogbe Yetene. Hivyo hata jina la ubatizo la mke wa Rais halikusalimika. Alifariki mwezi wa Oktoba 1977. Tarehe 1 Mei 1980 Mobutu alifunga ndoa na Bobi Ladawa. Kesho yake Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliwasili Kinshasa. Tunaona jinsi ndoa ya mkuu wa nchi isivyoweza kubaki jambo la watu wawili tu.

Mwaka 1987 Sheria ya Familia ilitangazwa. Ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mumewe kabla ya kufanya matendo mbalimbali ya kisheria, nayo haikutenga mke wa mkulima na mke wa Rais. Sharti hilo liliondolewa kwa marekebisho ya mwaka 2016. Maana yake ni kwamba kwa miaka karibu thelathini, mwanamke aliyesalimiwa kwa ngoma na nyimbo uwanjani alikuwa, mbele ya sheria, chini ya idhini ya mumewe.

Katika siku zetu, Mama Olive Lembe alifunga ndoa na Joseph Kabila mwezi wa Juni 2006, mbele ya Kardinali Etsou na Askofu Marini Bodho wa Kanisa la Kiprotestanti. Mama Denise Nyakeru, mzaliwa wa Bukavu, ameanzisha shirika lenye jina lake, linaloshughulikia elimu, dhuluma dhidi ya wanawake, na ugonjwa wa seli mundu ambao wengi kwetu huuita SS. Kazi za namna hii ni njema. Lakini shirika la hisani si ofisi ya Serikali, na mgonjwa ana haki ya kutibiwa hata pasipo mkono wa Ikulu.

Basi nguvu ya mke wa Rais iko wapi? Iko karibu na sikio la mtawala. Maandiko Matakatifu yanatuonyesha wanawake wawili waliokuwa nayo. Yezabeli aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri wake, na Naboti akapoteza shamba la mizabibu pamoja na uhai. Mke wa Pilato alimtumia mumewe ujumbe asimtendee neno yule mwenye haki. Pilato hakusikiliza, lakini mkewe alikuwa amekwisha sema.

Kwa hiyo tusimpime mke wa Rais kwa magari na vitenge. Tumpime kwa neno analolipeleka kwenye sikio lile, na kwa uwazi wa mali inayopita mikononi mwa nyumba yake. Nanyi mabinti, msitamani ukuu wa kuazima kutoka kwa mume. Ubatizo umewapa heshima yenu wenyewe, na sheria leo inawafungulia kura na uongozi.

Kwa mazungumzo katika kundi:

1. Nani katika parokia yetu ana nguvu bila kuwa na cheo, naye anaitumiaje?
2. Tunapopokea msaada wa mtu mkubwa, je, tunabaki huru kusema ukweli?
3. Kijana aliye karibu na kiongozi anaweza kumtetea nani leo?