Kisu Kimeshapita, Mionzi Ije Lini?

Mwanaume akishatolewa tezi dume kwa sababu ya saratani, hubaki swali moja: apigwe mionzi sasa hivi au asubiri? Kwa miaka mingi jibu lilitegemea amegonga mlango wa nani. Daktari wa upasuaji alisema tusubiri, wa mionzi akasema tusichelewe.

Wa mionzi walikuwa na ushahidi mkononi. Mwaka 2005 na 2006 yalitoka matokeo ya majaribio mawili, moja la Ulaya lenye wanaume 1,005 na jingine la Marekani lenye 425. Kwa wagonjwa ambao saratani ilikuwa imeshatoka nje ya tezi, au imebaki pembeni pale kisu kilipopita, mionzi ya mapema ilipunguza ugonjwa kurudi. Mwaka 2013 vyama vya madaktari wa pande zote mbili huko Marekani vikatoa mwongozo wa pamoja: wagonjwa wa aina hiyo wapewe nafasi ya kuchagua mionzi. Bado wapasuaji wengi hawakuwapeleka.

Ni ukaidi? Kuna waliouita hivyo. Lakini mpasuaji ndiye anayekaa na mgonjwa aliyeanza juzi tu kuweza kuzuia mkojo, na anajua wengine saratani isingerudi kabisa. Halafu majaribio yale yalikuwa na tatizo. Wengi walioachwa wasubiri hawakupigwa mionzi mara tu kipimo cha damu cha PSA kilipoanza kupanda. Yaani mapema ililinganishwa na kuchelewa mno.

Mwaka 2020 majaribio matatu mapya, RADICALS, RAVES na GETUG-AFU 17, yalijumlishwa: wanaume 2,153. Safari hii wanaosubiri walipimwa mara kwa mara, na mionzi ikaanza PSA ikiwa bado chini sana, kati ya 0.1 na 0.2. Mionzi ya papo kwa papo haikuonesha faida zaidi katika kuzuia ugonjwa kurudi, na matatizo ya mkojo yaliongezeka.

Basi wapasuaji walishinda? Nusu tu. Wagonjwa wenye saratani kali zaidi walikuwa wachache kwenye majaribio hayo, kwa hiyo juu yao mjadala unaendelea. Na kilichopimwa ni kusubiri kwa kufuatiliwa. Mzee wako akiambiwa "tutasubiri", muulizeni daktari papo hapo: PSA tutapima kila baada ya miezi mingapi, na ikifika ngapi mnaanza mionzi?