Panya Road

Panya Road ni jina la mtaani la makundi ya vijana wanaovamia watu na nyumba wakiwa na mapanga, visu na nondo ili kupora fedha, simu na vyombo vya ndani. Jina lilivuma Dar es Salaam na sasa linaeleweka Tanzania nzima.

Yaelekea kiini chake ni usemi wa zamani zaidi, njia ya panya, yaani njia isiyo rasmi inayopitwa kwa siri kukwepa ukaguzi. Mkoani Ruvuma, unaopakana na Msumbiji na kutazamana na Malawi ng'ambo ya Ziwa Nyasa, usemi huo ni wa kila siku. Katika Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, mtumbwi unaoshusha magunia usiku ufukweni badala ya kupita bandari ya Mbamba Bay umepita njia ya panya. Ndivyo isemwavyo pia kwa anayevuka mpaka kwa miguu bila kugonga muhuri, au kwa kahawa ya Mbinga inayozungushwa vichochoroni kukwepa geti la ushuru. Hapo linalotajwa ni njia. Anayeipita anaweza kuwa mkulima, mvuvi au mlanguzi.

Mjini yaelekea maana ilihama kutoka njia hadi watu. Jina lilifuata mpangilio wa majina ya barabara kubwa za Dar es Salaam, kama Morogoro Road na Kawawa Road, na likawahusu vijana wanaotokea uchochoroni kwa wingi, wakapora na kutawanyika. Kabla yake jiji lilikuwa limezoea majina kama Komando Yosso na Mbwa Mwitu. Kisarufi, Panya Road huchukua upatanisho wa watu: husemwa "Panya Road wamevamia", hata wakitajwa bila neno vijana.

Jina lilienea nchini baada ya usiku wa Ijumaa, 2 Januari 2015. Baada ya maziko ya kijana aliyeuawa na wananchi wenye hasira, hofu ya Panya Road ilitanda Magomeni, Manzese, Sinza na maeneo mengine ya jiji. Maduka yalifungwa na watu wakajifungia ndani. Polisi walifanya msako na kukamata mamia ya vijana. Mwaka 2022 jina lilirudi kwenye habari kufuatia uvamizi wa nyumba kwa nyumba Chanika, na Septemba mwaka huo Kawe, ambako mwanafunzi wa chuo aliuawa.

Sheria haina kosa liitwalo Panya Road. Anayepora akiwa na panga hushtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha chini ya kifungu cha 287A cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambacho adhabu yake haipungui kifungo cha miaka 30.

Siku hizi jina hupachikwa ovyo kwa kijana yeyote anayeshinda kijiweni bila ajira. Matumizi hayo ni ya hatari, kwa kuwa katika mtaa wenye hofu jina hilo pekee laweza kumletea kijana kipigo cha umati kabla hajafikishwa kituoni. Kupita njia ya panya ni kukwepa ukaguzi. Kuitwa Panya Road ni kutuhumiwa uporaji na umwagaji damu, na tuhuma hiyo yahitaji ushahidi.