Tiba ya Ulevi: Kutoka Copenhagen hadi Ukingoni mwa Tana

Katika Garissa, Wajir na Mandera nchini Kenya, ambako wenyeji walio wengi ni Waislamu na khamri ni haramu kwao kabla ya kuwa jambo la serikali, aliyetekwa na kileo huugua maradhi mawili, ulevi wenyewe na fedheha. Na kwa kuwa fedheha humfumba kinywa, tiba ambayo imekuwapo duniani zaidi ya miaka 75 aghalabu haimfikii.

Asili ya tiba hiyo ni Copenhagen, nchini Denmaki, ambako Jens Hald na Erik Jacobsen walikuwa wakiichunguza disulfiramu wakitumai kupata dawa ya minyoo, nao wakaimeza wenyewe. Walipoonja kileo baadaye, nyuso zikawaiva na mioyo ikawaenda mbio. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1948. Ini hukigeuza kileo kuwa sumu iitwayo asetaldehidi, kisha huiondoa upesi. Dawa ile huzuia kuondolewa kwake, sumu ikajaa mwilini, na mnywaji akatapika na kushikwa na hofu ya mauti. Lakini hiyo ni dawa ya kutisha tu, wala haikati kiu, na mwenye hamu ya kunywa huacha kidonge, si chupa.

Dawa iitwayo naltrekisoni ni ya namna nyingine. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1984 kwa waraibu wa afyuni na mwaka 1994 kwa walevi, nayo huipunguza raha ambayo kileo huileta ubongoni. John David Sinclair, mtafiti aliyefanya kazi Finland, alihimiza imezwe saa moja kabla ya kunywa, ili hamu ififie kidogo kidogo. Haimfai kila mtu, na mwenye ini bovu hana budi kuangaliwa na tabibu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliitia, pamoja na dawa nyingine ya ulevi iitwayo akamprosati, katika orodha ya dawa za lazima.

Mwendo wa kidogo kidogo si mgeni kwa Waislamu. Kila aliyepita chuo cha Kurani ajua kwamba khamri haikuharamishwa siku moja: watu walifahamishwa kwanza kuwa madhara yake yapita manufaa, kisha wakakatazwa kuikaribia sala hali wamelewa, ndipo ikakatazwa kabisa. Tabibu naye ajua kuwa aliyezoea kunywa sana, akiacha ghafla, aweza kushikwa na mtetemeko, hata kifafa, akafa. Kidonge hakihalalishi tone moja. Lakini mgonjwa wa Garissa, ukingoni mwa mto Tana, astahili kuandikiwa dawa yake mlango ukiwa umefungwa, pasi na karani kumwuliza mbele ya foleni amekuja kutibiwa nini.