Mikono Inayotetemeka na Lenzi ya 1995
Mjomba wangu anapenda kupiga picha za ndege, ila mikono yake hutetemeka. Kwa kanuni ya wapiga picha, lenzi ya milimita 300 ilidai kasi ya 1/300 ya sekunde au tripodi. Basi mwaka 1995 Canon wakatoa EF 75-300mm IS, lenzi ya kwanza ya kamera za SLR kutuliza picha. (Nikon walitangulia 1994, lakini kwa kamera ndogo.) Vihisio hupima mtikisiko, chipu hukokotoa, vioo husogea kuufidia. Kwangu mimi utamu uko kwenye hesabu hiyo! 1/75 ikatosha. Mwaka 2003 Minolta DiMAGE A1 ikasogeza sensa yenyewe. Lakini jamani, mbayuwayu akiruka, mjomba bado anahitaji 1/2000 na jua kali.